Mashine ya kufulia ya matenki mawili: miezi minane, mtoto mgongoni

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mnachotafuta. Shilingi 370,000, Kariakoo, mwezi wa tatu mwaka huu, kilo 7, ile ya matenki mawili, tenki moja linafua lingine linakamua, na katikati hapo anayehamisha nguo ni wewe na mikono yako. Muuzaji alianzia 420,000. Kampuni sitaitaja, sio kwa kuogopa, ila hizi za bei hii nimeziangalia mpaka kwa majirani na zote ni ndugu, plastiki ile ile, vitufe vya kuzungusha vile vile, zinatofautiana stika. Kwa hiyo chukulia nausema ukoo mzima.

Mi ni mama wa nyumbani, nina miaka 26, niko Kinyerezi, Dar, watoto wawili, mkubwa ana miaka minne kaanza chekechea na mdogo sasa hivi ana mwaka na miezi miwili. Dada wa kazi alikuwepo, akaenda kwao Krismasi, akasema tarehe tatu narudi, mpaka leo tarehe tatu haijafika. Nikabaki na mtoto wa miezi mitatu na beseni.

Kwa mtoto wa kwanza nilitumia nepi za kitambaa maana dada alikuwepo tunasaidiana. Huyu wa pili nilijaribu wiki mbili nikashindwa. Nepi 10, siku nyingine 12, na nguo za mkubwa anayecheza na mchanga kama analipwa, na mashati ya baba yao, na mashuka maana kuna mtu hapa ndani bado anakojoa kitandani simtaji. Vidole vikaanza kubabuka katikati, ile sabuni ya unga ikiingia kwenye mpasuko unaona nyota mchana. Nikahamia kwenye pampasi moja kwa moja. Dukani kwa Mangi pampasi moja 500, kwa siku sita, piga hesabu, 3,000 kila siku ya Mungu, 90,000 kwa mwezi, inaenda jalalani. Na upele juu yake maana mwanangu ngozi yake haielewani na pampasi ya siku nzima na joto hili la Dar.

Nikamwambia baba yao nataka mashine. Akanijibu kwa upole kabisa, hakuwa na ubaya, "Lakini mama watoto, si uko nyumbani?"

Sikugombana. Nilichukua kalenda ya ukutani nikageuza nyuma, wiki nzima nikawa naandika, nikianza kufua naangalia saa kwenye simu, nikimaliza kuanika naandika. Jumatatu masaa matatu na dakika kumi. Jumanne masaa mawili na nusu. Jumatano mvua, nilifua zikanyeshewa, nikafua tena Alhamisi, hiyo niliandika mara mbili. Jumapili jioni nikamwekea mezani pembeni ya chai. Kasoma, kanyamaza, kauliza "na hii ni mbali na kupika?" nikamwambia ni mbali na kupika. Mwezi uliofuata nilikuwa napokea mchezo (upatu) kwa kijumbe anayetukusanyia hela, 200,000, akaongezea iliyobaki. Basi.

Sasa tuje dukani. Yule kaka maneno yake yalikuwa matamu, "Dada hii unatoa unavaa." Naomba niseme kwa sauti kubwa: HAUTOI UKAVAA. Hakuna mashine ya bei hii inayokausha. Inakamua, inakamua vizuri mno nitakuja huko, lakini nguo inatoka na unyevu na lazima uanike. Ukiambiwa "draya" uliza draya gani, maana draya ya kweli inatumia joto na hii haina joto lolote, ni pipa lenye matundu linazunguka kwa kasi. Pili, mwambie achomeke kwenye umeme na azungushe pande ZOTE mbili. Mi alizungusha upande wa kufulia tu, wa kukamulia akasema mpaka kuwe na nguo, nikakubali kama mjinga. Bahati yangu ulikuwa mzima. Tatu, fungua boksi uangalie bomba la kutolea maji machafu. Mi alisema bomba limo ndani, kweli limo, lina urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Nikampigia nikiwa nyumbani, anasema hilo dada utaunganishia huko huko. Waranti mwaka mmoja lakini ni mota tu, na imeandikwa kwenye karatasi ya risiti ile ambayo baada ya miezi miwili maandishi yanafutika yenyewe, kwa hiyo ipige picha siku hiyo hiyo. Huyo muuzaji kwenye maksi zangu anapata sifuri, mashine nitaipa zake peke yake.

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kutoka Kariakoo mpaka Kinyerezi 25,000. Inabebwa na watu wawili, ni nyepesi kuliko inavyoonekana.

Siku ya kwanza nilimwaga sabuni kama ninavyomwaga kwenye beseni. Kosa. Ukifua na mkono povu unalitengeneza wewe, ukichoka linaishia hapo, ile sahani iliyoko chini ya tenki inayogeuka huku na huku haichoki. Povu lilipanda, likasukuma kifuniko, likashuka ubavuni, likaenda kibarazani mpaka kwa mama mwenye nyumba, na mkubwa wangu kavua shati kaingia katikati anaogelea. Sasa hivi naweka vijiko vinne vya kulia kwa tenki lililojaa, inatosha kabisa. Ila kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, na huku kwetu visima vingi ni vya chumvi, povu halitoki vizuri hata uweke pakiti nzima, nguo nyeupe zinafifia zinakuwa na rangi ya uji wa juzi. Maji ya chumvi mi nasuuzia ya kwanza tu, au nafulia madekio na mapazia.

Maji ndo habari yenyewe hapa kwa hiyo nikae kidogo. Watu wote waliniambia jiandae na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. LUKU sio tatizo jamani. Ile mota ya kufulia mgongoni imeandikwa kama wati 350, ya kukamulia ni ndogo zaidi, na haziwaki muda mrefu, dakika 15 za kufua, dakika tano tano za kusuuza mara mbili, dakika tano za kukamua. Nikifua matenki matatu kwa siku inakula kama nusu unit, na sisi tusiokuwa kwenye ile bei ya chini ya wanaotumia umeme kidogo, unit ni kama 356 ukishajumlisha na kodi zake, yaani siku ya kufua hata 200 haifiki. Kwa mwezi mzima, maana matenki matatu sio kila siku, kama 3,000 hivi. Pampasi sita.

Maji sasa. Tenki likijaa linameza ndoo mbili na nusu za lita 20. Fua, toa maji, jaza, suuza, toa, jaza, suuza. Ukienda kienyeji matenki matatu ni ndoo zaidi ya 20. Kama bomba la DAWASA, wale wa maji ya Dar, linatoka sawa, shida ni kujua kufunga tu. Lakini mgao ukianza na unanunua kwa jirani mwenye kisima 100 kwa ndoo, hesabu unaiona mwenyewe, maji ya siku moja ni umeme wa siku kumi. Kwa hiyo ushauri wangu, mtu akiwa na 370,000 na hana pa kuhifadhi maji, aanze na simtanki ndogo au hata mapipa mawili ya bluu, mashine ije baadaye. Mashine bila maji ni meza ya kuwekea nguo chafu. Jirani yangu mmoja anayo, kaiwekea kitambaa cha kushona juu na chombo cha maua, haijawaka tangu Ramadhani.

Nilichokuja kugundua baada ya kuhangaika mwezi mzima ni kwamba yale maji ya sabuni ya kwanza huyamwagi. Zinaanza nguo nyeupe na za mtoto, zikitoka naingiza za rangi kwenye maji yale yale, naongeza kijiko kimoja, zikitoka yanaingia madekio na mikeka ya mlangoni, ndo yanamwagwa yakiwa meusi kama chai ya msibani. Na kusuuza sisuuzi ndani ya mashine siku za mgao, nakamua kwanza lile povu, halafu nasuuzia kwenye beseni, halafu nakamua tena. Ukikamua povu kwanza, suuza moja inatosha, kwa nini usuuze mara tatu wakati sabuni ingeweza kutoka kwenye nguo kabla haijagusa maji safi? Maji ya mwisho yanaenda chooni. Kwa staili hii matenki matatu yanakula ndoo kama 10. Nepi peke yake haziingii kwenye huo mzunguko, nitazisema.

Na hapa ndo nisifie ule upande wa kukamulia. Kama wangekuwa wanauza upande mmoja mmoja, mi ningenunua huo tu nikaacha mwingine dukani. Masika ya mwaka huu ilinyesha wiki nzima jua halijaonekana, mnajua hali ya kamba za kibarazani, nguo inakaa siku tatu, inaanza uvundo, unaifua tena ikiwa safi kisa inanuka. Nepi iliyokamuliwa kwa mkono na mtu mwenye nguvu bado inachuruzika. Iliyotoka kwenye lile pipa unaishika haikuachii tone, ukianika chini ya paa na upepo kidogo tu, asubuhi kwa jioni imekauka. Mwezi wa nne majirani walikuwa wanakuja na mabeseni, "mama nanihii nisaidie kukamua," mara moja mara mbili, nikaona hii sasa LUKU yangu inafanya kazi ya mtaa, nikasema kwa aibu aibu 1,000 kwa beseni. Hakuna aliyekasirika, wengine wakasema bora umesema tulikuwa tunaona haya kuja. Mpaka masika yanaisha sabuni yangu nilikuwa sinunui kwa hela ya ndani.

Ila una tabia zake huo upande. Usiposhindilia nguo sawasawa pande zote unaanza kuruka, yaani mashine nzima inatembea, ina mapepo, siku ya kwanza nilikimbia na mtoto nikamwacha wa pili. Dawa yake unazima, unasubiri, unazipanga upya kama unapanga maandazi kwenye sufuria, kuzunguka ukuta, katikati wazi kidogo, halafu unaweka kile kisahani cha plastiki juu yake. KILE KISAHANI USIKIPUUZE. Mi nilikiona hakina maana nikakiweka pembeni, baada ya wiki maji yakagoma kutoka upande huo, inaunguruma tu. Fundi kaja, kafungua kwa nyuma dakika ishirini, kaingiza mkono mpaka begani, kanyamaza, katoa soksi. Soksi ya mtoto wa miezi sita, ya njano, ina dubu. Ilipanda juu ya pipa wakati linazunguka ikadondokea kati ya pipa na ukuta wa nje ikakaa mdomoni mwa bomba. Kaniwekea mkononi, kasema 15,000. Ile soksi ndo nguo ya bei ghali kuliko zote alizowahi kuvaa huyu mtoto. Sasa hivi soksi, kofia na vile vibibu naviingiza ndani ya foronya naifunga fundo.

Ya pili ilikuwa panya. Hizi mashine chini ziko wazi, ukiziinua unaona mikanda na mabomba yote. Kwenye boksi kulikuwa na kipande cha plastiki chenye matundu na misumari minne ya kufungia, sisi tukajua ni cha kushikilia mzigo usitikisike njiani. Mwezi wa sita nikakuta maji yanavuja kwa chini, fundi yule yule kainama na tochi, kasema panya, bomba limetafunwa, 20,000, halafu kaniuliza kile kikinga panya chake mmekipeleka wapi. Nikageuka nikaangalia. Tulikuwa tumekifanya kifuniko cha pipa la taka, miezi mitatu.

Sasa upande wa kufulia wenyewe. Huo ni wa kawaida jamani, tusidanganyane. Nguo za jasho, mashuka, kanga, madera, taulo, nguo za watoto zisizo na madoa makubwa, inatoa safi. Kola za mashati na vikwapa haziwezi, lazima upige mswaki na sabuni ya mche kabla. Soksi nyeupe za chekechea za yule bwana anayechimba mchanga, haziwezi, hizo hata mimi siziwezi. Blanketi lile zito la manyoya usijaribu, likilowa linakuwa na uzito wa mtu, sahani inabaki inagugumia, unaunguza mota. Na vitu virefu, mitandio, mbeleko, ushungi, vinajisokota kwenye nguo nyingine mpaka unatoa kamba moja nene ya kuchotea maji kisimani, mtandio wangu mmoja wa shifoni ulitoka umekuwa uzi. Vifunge fundo au vifue mwisho peke yake.

Nepi. Najua wengine mmekuja kwa ajili ya hili. Mashine sio choo, mavi unayatoa kwanza chooni na maji, nepi unaloweka kwenye ndoo yenye kifuniko (kifuniko muhimu, mtoto anayetambaa na ndoo ya maji ni hatari kubwa, inatokea kimya kimya), asubuhi unamwaga maji ya kuloweka, unaziingiza kwenye mashine na maji yake mapya peke yake. Mi naongezea maji ya vuguvugu ya birika, yasiwe ya moto unaochemka maana tenki ni plastiki. Zikifuliwa nakamua, nasuuza mara mbili, nakamua. Na ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua usiweke kwenye nepi, inakaa kwenye kitambaa kama mafuta, nepi inagoma kunyonya, mkojo unapita pembeni unalowa wewe uliyembeba. Na pasi bado iko pale pale. Kuna yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa, buu likitoka linaingia kwenye ngozi ya mtoto linafanya kama jipu. Moto wa pasi unaua mayai. Kwa hiyo nepi zote napiga pasi mbele na nyuma, hata ziwe zimekauka kama karatasi. Kwa hilo mashine haijanisaidia kitu.

Lakini nilirudi kwenye nepi za kitambaa na ndo mashine ilipolipa deni lake. Mchana kitambaa, usiku na tukitoka pampasi. Kutoka pampasi sita kwa siku nikaja mbili, nabakiza 2,000 kila siku, 60,000 kwa mwezi, toa umeme, toa maji, toa fundi na soksi yake. Kurudisha hela ya mashine ilichukua kama miezi saba na zaidi, na hiyo bila kuhesabu ile 1,000 ya majirani. Upele nao umeisha, sijui ni kitambaa au ni umri, mi nashukuru tu.

Muda, niseme ukweli, haujapungua kama nilivyofikiria. Nilirudia ile kalenda mwezi wa tano kwa udadisi wangu. Kutoka kuanza mpaka kuanika bado ni kama masaa mawili na kitu, maana uko unajaza, unahamisha, unakamua, unajaza. Kilichobadilika ni mikono. Ukifua kwenye beseni ukishaingia umeingia, povu mpaka kwenye kiwiko, mtoto akilia unajifuta kwenye kanga unamchukua nusu nusu kwa viganja vimekunjwa, anashika sabuni anaipeleka machoni, simu inaita unaipokea kwa bega, maharage yanaungua unayasikia harufu na huwezi. Sasa hivi nazungusha kile kitufe cha saa, kinahesabu chenyewe dakika 15 tik tik tik, na mikono yangu MIKAVU. Naweza kumbeba mtu. Dakika 15 ni kumnyonyesha ziwa moja. Ziwa la pili ni suuza ya kwanza na ya pili. Hata yeye amezoea, akisikia ile sauti ya kugeuka geuka anakuja anapanda magotini anafunua blauzi mwenyewe.

Mkubwa naye ana urafiki wake na mashine. Kaingizia rimoti ya king'amuzi, gari lake, na kipande cha muhogo. Rimoti haikupona. Kwa usalama hapa niwe serious kidogo: upande wa kukamulia ukifungua kifuniko unatakiwa usimame ndani ya sekunde chache, na hapo mwanzo ulikuwa unasimama papo hapo, sasa hivi unachelewa kidogo, breki inaisha, kwa hiyo siingizi mkono mpaka pipa limetulia kabisa na mtoto haruhusiwi kusogea upande ule. Nikimaliza nachomoa kwenye soketi na tenki haliachwi na maji. Na kingine, wiki ya kwanza nilikuwa nikiigusa na miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji inanitekenya. Kutekenya huko ni shoti. Fundi umeme alikuja akasema soketi ya kibarazani haina eath, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, akaivuta, imeisha. Kama nyumba ya kupanga ina waya za zamani anza na hilo kabla ya kuwasha, na vaa ndala.

Mama mkwe alikuja mwezi wa saba kutoka Korogwe. Nilimpokea, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kaingia kakuta mashine inafanya kazi kibarazani, kaizunguka. Akasema wao walifua mto Pangani, jiwe na mkono, na watoto saba. Nikasema ndiyo mama. Nepi zilipokauka alichukua moja kwenye kamba, akaikunja, akainusa kwenye ile mikunjo ya katikati, akanusa tena. "Zimetakata," akasema, "ila hazijafuliwa." Sikujibu kitu. Siku ya nne nimetoka dukani nakuta kanga zake doti mbili zimo ndani, kavuta kigoda kakaa anaangalia kwa juu ya kile kifuniko cha kuona ndani, mjukuu kalala mapajani kwake. Ananiambia nisiongee kwa sauti, mtoto analala. Juzi kapiga simu kwa mwanae anauliza bei, kasema ni kwa ajili ya jirani yake.

Basi upande wa kukamulia nampa tisa kwa kumi, wa kufulia sita. Kilo 7 inatosha familia ya watu wanne, hiyo ya kilo 10 na zaidi inameza maji msije mkanilaumu. Mwenye bomba linalotoka kila siku na hela ya kutosha anunue ile ya kujaza yenyewe na kumaliza yenyewe, mi kwa maji yetu haya ya kuhesabu ndoo ningeinunua tena hii hii, ila safari hii naenda na futi ya kupimia bomba. Lile fupi mpaka leo nimeliunganisha na bomba la kumwagilia bustani, nimezungushia mpira wa ndani wa baiskeli na waya, linavuja kidogo pale kwenye fundo na pamejiotea mchicha.